Godoro Juu ya Gari, Katikati ya Jangwa la Australia

Wapenzi, ile Jumapili kwa Mama Bahati, Temple Hills, mlituuliza habari za Australia mkapata safari mbili tofauti. Baba Neema alisimulia yake sebuleni pamoja na wanaume, mimi nikasimulia yangu jikoni, halafu wakati wa kuagana mkaanza kulinganisha na kutucheka. Ndiyo maana nimeketi kuandika. Ile yake ina kangaruu wengi kupita kiasi, na ndani yake yeye hakuogopa hata mara moja. Hii hapa ndiyo yenyewe.

Kwa mliohamia juzi ambao hamtujui: mimi nimeendesha basi la shule hapa wilayani Prince George's mpaka watoto niliowabeba wakaanza kunipandishia watoto wao. Baba Neema alifanya kazi katika maabara ya hospitali, zamu ya usiku. Maisha yetu yote ya Marekani tulikuwa tunapishana mlangoni. Yeye anaingia na koti lake, mimi natoka na funguo. "Chakula kiko jikoni." "Gari halina mafuta." Basi. Tulipendana, ila kwa zamu. Tulipostaafu tukajikuta tumekaa kochi moja mchana kweupe, hatujui tuzungumze nini. Haukupita muda tukagombana juu ya namna ya kupanga vyombo kwenye mashine ya kuoshea. Nikaanza kuogopa kimyakimya kwamba labda ndoa yetu imedumu kwa sababu tulikuwa hatuonani.

Siku moja nikamkuta anatazama video: wazee wawili wanakokota karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayofungwa nyuma ya gari, kwenye nchi nyekundu isiyo na mwisho. Nikamuuliza ni nini. Akasema, kwa aibu kidogo, kwamba miaka yote ile ya usiku, akisubiri mashine zimalize kupima damu za watu, alikuwa anatazama hizo. Barabara ya kutoka Adelaide kwenda kaskazini aliijua kama ninavyoijua mimi Route 1. Vituo vyake vya mafuta alivijua kwa majina. Nimelala kitanda kimoja na mtu huyu, ingawa kwa nyakati tofauti, na sikujua.

Nikamwambia, "Basi twende."

Neema, binti yetu, alijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba watu wenye presha hawatoki kwetu Laurel kwenda kulala ndani ya boksi jangwani. Baba yake akamjibu kwa Kiswahili, kama kawaida yake pia, kwamba kuanzia sasa wapo.

Laurel hadi Adelaide: habari ya dagaa

Mama Bahati alitufungia mfuko wa ndakala wakavu, ambao sisi Watanzania tunawaita dagaa, akasema huko twendako hatujui watatulisha nini. Mimi nikaongeza maharage. Tulipotua Adelaide, baada ya ndege ambazo sitaki kuzikumbuka, miguu imevimba na nywele zangu zimelala upande mmoja, ofisa mmoja wa kike akafungua mfuko, akanusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Mnakwenda kuvua samaki?"

"Hapana," alisema Baba Neema. "Tunakwenda jangwani."

"Sasa hiki chambo cha nini?"

Baba Neema aliumia. "Dada yangu, hicho ni chakula cha jioni."

Akamwita mwenzake naye anuse. Wakashauriana pembeni. Maharage waliyachukua kwa sababu yanaweza kuota. Dagaa wakaturudishia kwa mikono miwili. Sijawahi kuona ofisi ya serikali ikirudisha mali kwa haraka vile.

Adelaide hadi Port Augusta: namna ya kurudi nyuma

Kule wanaendesha kushoto. Tulijua itakuwa rahisi, si tumekulia Tanga? Kumbe kichwa kinakumbuka na mikono imesahau. Swichi ya indiketa na ya vifuta kioo zimebadilishana pande, kwa hiyo kila kona tuliyokata Adelaide tuliikata tukifuta kioo huku jua linawaka. Kwenye kipilefti cha kwanza tulizunguka mpaka mama mmoja aliyekuwa anangoja basi akaanza kututambua.

Nilikuwa nimemwahidi Baba Neema kwamba gari ni lake, kwa kuwa ndoto ni yake. Mimi nitakaa na ramani. Dereva wa basi akikaa kiti cha abiria, jamani, ni adhabu. Nilikanyaga breki ambayo haipo mpaka kiatu changu cha kulia kikaacha alama kwenye zulia la gari lile.

Jioni tukafika kambi ya karavani ya Port Augusta. Huko unapewa nafasi yako na unatakiwa uingie kinyumenyume. Wazee wenzetu walikuwa wamekaa kwenye viti vyao vya kukunja, vinywaji mkononi, na nilipoona wanageuza viti kutuelekea nikajua hiyo ndiyo sinema yao ya kila siku. Baba Neema akajaribu. Karavani ikaenda kushoto. Akajaribu tena, ikaenda kushoto zaidi. Nikamwambia ashuke, nimerudisha basi zima kwenye uchochoro wa Hyattsville theluji ikianguka. Nikashika usukani kwa madaha. Wapenzi, tela halirudi kama basi. Ukilielekeza huku, linakwenda kule. Dakika chache baadaye nilikuwa nimefunga njia ya kambi nzima, na mkia wa karavani umeingia kwenye maua ya watu.

Mwanamke mmoja akaja akitembea polepole, nywele fupi nyeupe, mbwa mdogo kwapani. Alikuwa anaitwa Maureen, mjane, anasafiri peke yake na karavani yake. Akaegemea dirisha langu.

"Shika usukani kwa chini," alisema. "Mkono uende kule unakotaka mkia uende. Na usifikiri."

Nikashika chini, nikaacha kufikiri, tukaingia. Wale wazee wakapiga makofi. Baba Neema akainama kuwashukuru, utadhani ni yeye.

Port Augusta hadi Coober Pedy: kidole

Hapa nchi inaisha na kitu kingine kinaanza. Udongo unakuwa mwekundu kama matofali, vichaka vinafika magotini, na mbingu inakuwa kubwa mpaka unajikuta unanong'ona ndani ya gari lako mwenyewe. Nzi walituandama mpaka tukanunua vyandarua vya kuvaa kichwani. Malori yanakokota matela matatu kwa mpigo. Lori moja likikupita unahisi karavani inataka kulifuata.

Halafu kuna kidole. Kila dereva tuliyepishana naye aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Wa kwanza Baba Neema alimpuuza. Wa pili akamtilia shaka. Alipoinua wa tatu, akasimamisha gari akakagua matairi yote, akalala chini ya karavani na shati lake jeupe. Hakuona kitu. Tukaondoka. Wa nne naye akainua kidole.

"Mama Neema, kuna kitu kinaning'inia."

"Hakuna kinachoning'inia."

"Hawa watu wote wana wazimu?"

Tulipofika kituo cha mafuta tukamkuta Maureen, naye anaelekea kaskazini. Tukamweleza. Akatutazama kwa huruma akasema, "Wanawasalimia." Kuanzia hapo Baba Neema aliinua mkono mzima, dirisha wazi, akisema "shikamoo" kwa malori.

Coober Pedy watu wanachimba vito, na kwa sababu ya joto wengi wanaishi chini ya ardhi. Kanisa nalo limechongwa ndani ya mwamba. Tuliingia hakuna mtu, pametulia na pana ubaridi. Baba Neema, ambaye kwaya yetu inamjua, akaimba mstari mmoja tu wa pambio, na mwamba ukamrudishia. Akanitazama kwa mshangao kama mtoto. Akaimba tena, mimi nikaingia na sauti ya pili. Sikumbuki mara ya mwisho tuliimba wawili tu, pasipo watu wa kutusikiliza.

Kituo cha mafuta: sahani tupu

Kaskazini ya hapo mvua ikaanza. Kwenye video zake zote hakukuwa na mvua. Ilinyesha mpaka jangwa likawa maziwa, na barabara ikafungwa tukiwa kwenye kituo cha mafuta kilichosimama peke yake, pampu mbili, duka na uwanja wa kupaki. Magari kama kumi yalikwama pamoja nasi, na Maureen yumo.

Siku ya kwanza Maureen akagonga mlango. "Leo saa kumi na mbili njooni kwa chai, wote tutakuwepo. Mje na sahani."

Tukazungumza. Chai ni chai, labda na biskuti. Lakini kituoni vyombo ni vichache, ndiyo maana anataka kila mtu aje na chake. Nikasonga ugali, tukala tukashiba, tusionekane wenye njaa mbele za watu. Nikaosha sahani mbili na vikombe viwili, nikavifuta vikang'aa, tukaenda.

Tukakuta meza imejaa nyama ya kuchoma, viazi, saladi, keki. Kila mtu ameleta chakula. Kumbe kwao chai ya saa kumi na mbili ndiyo chakula cha jioni, na sahani maana yake sahani yenye kitu. Sisi tumesimama pale na vyombo vitupu mikononi, kama watu waliotumwa kuomba. Maureen alizitazama sahani, akatutazama sisi, akalazimika kujishikilia kwenye karavani kwa kucheka. Na kwa kuwa tulikuwa tumeshiba, aibu ikatulazimisha kula mara ya pili.

Kesho yake nikasema lazima nilipe fadhila. Nikanunua unga dukani, nikakaanga maandazi, watu wakapanga foleni, kila kitu kikaenda vizuri. Kisha nikafungua wale dagaa. Nikawakaanga kwa kitunguu na nyanya, mlango wazi. Harufu ikatembea. Nikaona majirani wanainua viti vyao mmoja mmoja na kuhama, kwa adabu. Mtu mmoja tu alikuja upande wetu, mwanamke mweusi, kijana, akitembea haraka, karibu kukimbia.

"Mama," alisema, "iyo ni ndakala?"

Baba Neema aliangusha kijiko.

Jina lake Furaha, mtu wa Uvira. Anafanya kazi ya kutunza wazee Alice Springs. Alikula amesimama, halafu akala ameketi, halafu akaanza kulia, na mimi nikadhani ni pilipili.

"Mama yangu anafika vendredi," alisema, yaani Ijumaa. "Anatoka kambi ya wakimbizi. Tulipotezana kwa vita nikingali mutoto wa masomo. Nilikwenda Adelaide kununua gari na godoro yake, nipate kumupokea muzuri. Sasa njia imefungwa."

"Hakuna wa kumpokea?" aliuliza Baba Neema.

"Watu wa kanisa wataenda, Papa. Lakini hawajui Kiswahili, na yeye hajui Kingereza. Hajapanda avion, ile ndege, hata siku moja. Akishuka asinione, atafikiri wamemuleta pa mubaya."

Gari lake lilikuwa pale, dogo, chini karibu na ardhi, godoro limekunjwa ndani mpaka limeziba kioo cha nyuma.

Kwenda Alice Springs: maji

Asubuhi ya Ijumaa wakatangaza kwamba magari marefu, yaliyoinuka kutoka ardhini, yanaweza kupita, bila tela. Gari letu lilikuwa refu. La Furaha halikuwa.

Mpango wa Baba Neema ulikuwa kukata kushoto kabla ya Alice Springs kwenda Uluru, lile jiwe kubwa jekundu ambalo aliliangalia usiku kwa miaka. Tukienda Alice na kurudi kuchukua karavani, siku za jiwe zingeweza kuisha. Nilijua, nikamwachia aamue. Alisimama akiitazama barabara, mikono nyuma. Kisha akaenda kuifungua karavani kutoka nyuma ya gari.

"Jiwe halina miguu," alisema. "Furaha, leta godoro."

Tukalifunga juu ya gari kwa kamba za Maureen, ambaye alibaki kutunza karavani yetu na gari la Furaha pamoja na mbwa wake. Tukaondoka tumebeba kitanda kichwani. Upepo ulipoingia chini ya godoro, kamba zikawa zinaimba, na Baba Neema aliwapungia mkono mafundi wote wa barabara kama mtu anayehamisha ndugu yake Kariakoo.

Tulicheka mpaka tulipofika kwenye maji. Barabara iliingia ndani ya ziwa la rangi ya chai ya maziwa, na ilikotokea kulikuwa mbali. Mafundi walikuwa wamesimika nguzo pande zote na walikuwa wanapitisha gari moja moja. Baba Neema akasimamisha. Mikono yake ilibaki kwenye usukani.

"Mama Neema," alisema, "kwenye video sehemu hii huwa wanaikata."

Tukabadilishana viti. Nikafanya kama nifanyavyo Februari, barafu chini na watoto wamejaa nyuma: mwendo mmoja, hakuna kusimama, hakuna kubadili mawazo. Maji yalianza kupiga milango. Furaha alikuwa anasali kwa Kifaransa. Baba Neema hakunielekeza kitu, na yeyote aliyeoa au kuolewa anajua hilo lina uzito gani. Alipoona bonde la katikati limetushika na gari linaguna, aliweka tu kiganja chake juu ya goti langu akakiacha hapo mpaka tukapanda lami ng'ambo.

"Sasa naweza kupumua?" aliuliza.

"Pumua."

Tulifika uwanja wa ndege tumechelewa, abiria wameshatoka. Kwenye ukumbi walibaki kina mama wawili wa kanisa na bibi mmoja mdogo, mwembamba, amekaa wima na koti jipya, mkoba wa plastiki mapajani. Tuliingia watatu. Alinitazama mimi, mtu wa umri wake, akanisalimia kwa kichwa. Kisha akamtazama Furaha, akaendelea kutazama mlango. Hakumjua. Walipotezana Furaha akiwa msichana, na simu ya kambini haikuwa ya picha.

"Mama," Furaha alisema, "ni miye."

Bibi akainamisha kichwa upande, akisikiliza.

"Sema tena."

"Ni miye, Mama. Ni Furaha."

Akainuka, mkoba ukaanguka, akamshika uso kwa mikono miwili akaanza kuupapasa, paji, mashavu, masikio, kama anahakikisha havikupungua. Wale kina mama wa kanisa walikuwa wanalia bila kuelewa neno hata moja. Baba Neema alisema anakwenda kukagua godoro. Alilikagua kwa muda mrefu sana.

Jiwe

Barabara ilipokauka tulirudi wote wanne kuchukua vitu vyetu, tukakuta Maureen amepanda maua ya plastiki mbele ya karavani yetu. Siku zilikuwa zimebaki, chache lakini za kutosha. Tukakata kuelekea magharibi magari matatu kwa msafara. Bibi, ambaye sasa tulimwita Mama Furaha, alikataa gari la binti yake kwa kuwa ni fupi, akakaa mbele katika letu na mimi nikahamia nyuma. Mara kwa mara aliuliza jambo lilelile.

"Watu wako wapi?"

"Ni wachache, mama," Baba Neema alimjibu.

"Na hii udongo yote, ni ya nani?"

"Ya wenyeji wa asili. Walikuwepo hapa kabla ya wote."

"Wanalima nini?"

"Hapa hawalimi, mama. Pakavu."

Akaifikiria hiyo kwa kilomita nyingi.

Kisha likatokea, kubwa, jekundu, limekaa peke yake upeoni. Baba Neema alikatisha sentensi yake akasimamisha gari. Tulishuka, akavua kofia. Tulipiga picha za kila namna, yeye peke yake, sisi wawili, Mama Furaha na binti yake, nikawatumia nyinyi kwenye kikundi. Maureen alitungoja kwa uvumilivu mpaka tukamaliza, halafu akasema huo ni mlima mwingine, na wageni wote wanasimama hapo. Kwa hiyo ile picha mliyoipenda sana mkaweka mioyo mingi si Uluru. Nisameheni. Baba Neema alirudisha kofia akasema hata hivyo ulikuwa mlima mzuri.

Lenyewe tulilifikia jua likianza kulegea. Sitawaelezea rangi yake, kwa sababu nimejaribu na Neema akaniambia nasema kama ninauza kitambaa. Wenyeji wanaliheshimu kama mahali patakatifu, hakuna kupanda; unalizunguka kwa miguu. Baba Neema alisimama chini yake, akaanza kuzungumza na hakuacha: usiku fulani wa kazi, mashine fulani iliyokuwa ikiharibika, namna alivyokuwa ananiwazia nimelala nyumbani naye yuko macho. Mimi nikamwambia ya kwangu, ya watoto wa basi, ya asubuhi nilizokuwa nikimkuta mlangoni na kutamani nirudi naye ndani. Maureen akauliza kama tumeoana karibuni.

Mama Furaha alikuwa amesimama mwanzo wa njia na viatu vyake vipya, hasogei.

"Mutu anaruhusiwa kwenda mpaka wapi?" alimuuliza binti yake.

"Mpaka mwisho, Mama. Inazunguka yote."

"Na hakuna wa kunirudisha?"

"Hakuna."

Akaitazama njia. Kisha akaanza kutembea, kwanza polepole, halafu si polepole tena, koti linapepea, mkono mmoja ukilielekea lile jiwe kama anayepita kando ya ukuta wa nyumba anayoifahamu. Furaha akataka kumfuata, Baba Neema akamgusa bega. Tukamwacha atangulie. Alipofika mbali kidogo akageuka, akatuona tumesimama wote wanne tumeduwaa.

"Mukuye basi," alisema, akituita kwa mkono. "Munangoja nini?"

Tukaenda.